Makopa meupe: shajara ya mradi wa unga wa muhogo

Juni 4

Nimefika kijijini jioni na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la vichupa. Kikundi kina akina mama 14 na baba mmoja, ambaye ndiye mwenye baiskeli. Tupo juu ya nyanda za Makonde, upande wa Newala. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini na Msumbiji iko ng'ambo. Maji nayo yako huko chini.

Zamani kikundi kilitengeneza makopa kama yanavyotengenezwa kusini kote: unamenya muhogo mchungu, unauloweka siku kadhaa au unauvundika chini ya majani, unaanika, unatwanga. Unga unatoka na rangi ya kijivu na uchachu kidogo. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa mjini akasema anataka unga mweupe usio na harufu. Wakashauriwa waache kuloweka, wakate vipande vyembamba, waanike papo hapo juu ya vichanja. Kwa jua la hapa vipande vinakauka siku moja na nusu. Unga ukatoka mweupe kama chokaa, bei ikapanda, kila mtu akafurahi.

Niseme mapema kwamba ushauri wa vichanja niliutoa mimi.

Kazi ya safari hii nilidhani ni ndogo: kupima sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, kwenye unga ili kikundi kianze kufuatilia nembo ya ubora. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Nimeomba ruhusa ya wiki moja.

Juni 5

Nimechukua sampuli tatu: unga mweupe wa vichanja, unga wa kuvundika kutoka kwa jirani asiye mwanachama, na unga wa kuloweka wa bibi mmoja, mkubwa kuliko wote kikundini, ambaye huo wa vichanja hali. Anautengeneza wa kuuza tu. Nilimuuliza sababu, akaniambia, "Mjukuu wangu, ule hauna ladha."

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Australian National University, Canberra, kwa ajili ya mazingira kama haya. Unachukua kichupa cha plastiki chenye mfuniko wa kuzungusha. Chini unalaza kiduara cha karatasi kilichokaushiwa bafa, ya kushikilia kiwango cha uchachu, na kimeng'enya cha kuitoa sianidi kwenye unga. Juu yake unaweka unga miligramu 100, yaani kiasi cha kubaki kwenye ncha ya kijiko cha chai. Mizani yangu ya betri inataka meza isiyotikisika, na nyumba nzima meza ya namna hiyo haikuwepo, kwa hiyo nimepindua kinu na kupimia kwenye kitako chake. Unadondosha maji kwa bomba la sindano, unaning'iniza ndani karatasi ya pikrati, ya njano kama bizari, bila kuigusisha maji, unafunga, unaacha hadi kesho. Sianidi ikitoka inapanda kama gesi na kuibadili karatasi: njano, chungwa, kisha kahawia. Unailinganisha na kadi ya rangi inayoanzia 0 hadi 800, miligramu kwa kilo.

Juni 6

Njano. Karibu zote njano. Nikawatangazia kwamba unga wetu uko salama, mama mwenyekiti akapiga kigelegele, mtoto akatumwa soda.

Soda haijaisha nikakumbuka kichupa cha nne. Huwa unaweka kimoja chenye linamarini, yaani kile kitu cha muhogo kinachobeba sianidi, iliyopimwa tayari, ambacho lazima kisome 50, ndipo ujue kipimo kinafanya kazi. Nikakifungua. Nacho njano safi, kama kilivyotoka kwenye pakiti.

Karatasi zilikuwa zimeharibika. Karatasi zile zinatakiwa kukaa kwenye baridi, nami nilizisafirisha kutoka Mtwara ndani ya begi lililowekwa juu ya injini ya basi. Hakuna mwingine wa kumlaumu hapo. Nimerudi kwenye mkutano na kuomba radhi, nikawaambia hatujui chochote bado. Mama mmoja akasema, "Basi na soda urudishe." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa shida.

Juni 18

Rafiki wa maabara ya chuo amenitumia karatasi mpya ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Safari hii nimeweka vichupa viwili kwa kila sampuli.

Juni 19

Cha linamarini: 50. Safi.

Wa kuloweka: 10.

Wa kuvundika: 50.

Wa vichanja, ule mweupe: kahawia iliyopita 100, haijafika 200. Vichupa vyote viwili.

Nimekaa na hizo karatasi mkononi kwa muda. Nimepima tena kutoka gunia jingine, jibu nitalipata kesho, lakini silitegemei kuwa tofauti.

Juni 20

Halikuwa tofauti.

Sasa niandike sababu, kwa sababu hili ndilo nililopaswa kulifikiria kabla ya kupigilia kichanja cha kwanza. Tunaposema "sumu ya muhogo" tunasema kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu vinavyofuatana. Ndani ya muhogo mbichi sehemu kubwa ni linamarini, ambayo ni sianidi iliyofungwa kwenye sukari. Iko pia ndugu yake mdogo, lotaustralini, kwa kiasi kidogo. Linamarini imetunzwa kwenye kifuko ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kiko kwenye ukuta wa seli ileile. Ni wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana. Ukiukwangua muhogo, ukiutwanga, au ukiuacha ulainike majini, kuta zinavunjika na wawili hao wanakutana. Sukari inaondoka, inabaki asetoni sianohidrini. Hiyo nayo inavunjika yenyewe, polepole mahali penye uchachu, haraka penye joto, na kutoa haidrojeni sianidi, ambayo inachemka kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa mchana wa Newala hiyo haihitaji kusukumwa, inaondoka na upepo.

Ila posa hii yote ina mshenga wake, nayo ni maji. Pasipo maji, kimeng'enya hakiifikii linamarini. Sasa mimi nikawaambia wakate vipande vyembamba na kuvikausha haraka. Vichanja vyangu vilimfukuza mshenga asubuhi, wenyewe hawajaonana. Kipande kinene kinachokauka kwa siku tano kinapoteza sumu nyingi kuliko chembamba kinachokauka kwa siku mbili, ingawa kinaota ukungu na kuonekana kibaya. Kwa kawaida kuanika tu kunabakiza robo hadi theluthi ya sianidi yote. Kuvundika kunabakiza kama nusu ya hapo. Namba zetu zinaangukia humohumo.

Juni 22

Mkutano chini ya mkorosho. Nimepeleka karatasi zenyewe, nikazipanga juu ya ungo ili kila mtu aone. Sikuanza na kemia.

Mama mwenyekiti: "Kwa hiyo mwaka mzima tumeuza sumu?"

Nilimjibu nilivyoweza. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayekula na samaki, na kesho yake akala wali, unga huu si wa kumwangusha papo hapo. Mwili unaigeuza sianidi kuwa thiosianati na kuitoa kwenye mkojo, na kazi hiyo inahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Mwenye hatari ni yule anayekula ugali huo asubuhi na jioni, wiki nenda wiki rudi, na mboga ni chumvi. Yaani mtu wa mwaka wa njaa.

Mweka hazina akauliza swali zuri kuliko yote: "Mbona tunaupika? Moto hauumalizi?" Hauumalizi. Linamarini haiogopi maji ya moto. Kinachokufa kwenye sufuria ni kimeng'enya, yule yule ambaye angetusaidia. Ukiusonga ugali umeifungia linamarini ndani, na vijidudu vya tumboni vinakuja kuifungua.

Nikawaeleza ugonjwa wa konzo. Neno ni la Kiyaka, kusini magharibi mwa Kongo, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Unawapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Nampula, mwaka 1981 waliugua watu zaidi ya 1,100 wakati wa ukame. Kwetu ulijitokeza Tarime katikati ya miaka ya 1980. Kila mahali hadithi ni ileile: ukame, ambao wenyewe unaongeza sianidi kwenye muhogo, halafu njaa, halafu watu wanafupisha siku za kuloweka kwa sababu watoto wanalia.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema mwaka mmoja wa njaa, yeye msichana, walikula makopa ya siku mbili, na nyumba nzima ikatapika na kushikwa na kizunguzungu. Mama yake akaapa. Ndiyo maana yeye hali unga usiolowekwa. Hakulitaja siku ile nilipomuuliza. "Uliniuliza kwa nini siupendi," akasema, "hukuniuliza naogopa nini."

Makubaliano ni kusimamisha mauzo ya unga wa vichanja. Magunia 11 yako stoo. Sita yameshauzwa mwezi uliopita.

Juni 23

Nimempigia mnunuzi. Nimemweleza kila kitu. Akasema amekwisha kuyauza, na kwamba hajapata malalamiko. Nikamwomba angalau awaambie aliowauzia. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hatafanya.

Julai 2

Turudi kwenye kuloweka basi? Rahisi kusema. Pipa moja la kilo 100 za muhogo uliomenywa lilimeza madumu sita ya maji. Mgao wa bomba unakuja siku mbili kwa wiki, ukija. Wiki ambayo haukuja, dumu la lita 20 tulilinunua kwa kijana wa bodaboda kwa shilingi 700. Udongo wa nyanda hizi ni kichanga, mvua inazama moja kwa moja, mito na chemchemi ziko kwenye mabonde. Hesabu haikubali. Sasa ndipo ninapoelewa kwa nini ushauri wangu ulipokelewa kwa furaha namna ile: uliwapunguzia safari za maji. Hakuna aliyelitaja, nami sikuuliza.

Julai 16

Jaribio la mapipa mawili. La kwanza maji mapya. La pili nusu yake maji ya uchachu yaliyobaki kwenye pipa la bibi, kama mtu anayegandisha maziwa kwa mtindi wa jana. Bakteria wa asidi laktiki tayari wamo, hawaanzi upya.

Pipa la kwanza, siku ya pili: muhogo bado mgumu, ukiubonyeza kwa kidole gumba unarudi. Siku ya nne kidole kinazama na ule uzi wa katikati unachomoka wenyewe. Pipa la pili lilifika hapo siku ya tatu. Baada ya kuanika, yote mawili yalisoma 10.

Nusu ya maji imeokolewa na siku moja pia. Harufu ni ileile, na mnunuzi haitaki.

Julai 29

Kitu nilichopaswa kuanza nacho. Kama tatizo ni kuvunja kuta za seli, basi zivunjwe kwa mkono: kukwangua muhogo mbichi, kuukamua, kuuanika. Viwanda vinavyotengeneza unga bora wa muhogo vinafanya hivyohivyo, tofauti ni mashine.

Sisi tumetumia bati kuukuu. Yule baba mwenye baiskeli amelitoboa kwa msumari wa nchi nne upande mmoja, upande wa pili likawa na meno kama mbuzi ya nazi ya jitu. Amelikunja nusu duara na kulipigilia kwenye ubao. Kukwangua kilo 20 kumechukua saa moja na nusu na kipande cha ngozi ya kidole changu. Chicha tukaitia kwenye mfuko wa sandarusi, tukaubana kati ya mbao mbili na kuweka mawe juu. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama tui, na tumechimba shimo la kuyamwaga mbali na mbuzi na kuku, kwa sababu sehemu kubwa ya linamarini inayeyuka ndani ya maji hayo.

Tumegawa mafungu mawili. La kwanza limebanwa na kuanikwa mara moja. La pili limekaa kwenye beseni saa tano limefunikwa, ndipo likabanwa.

Julai 31

La mara moja: kati ya 20 na 30. La saa tano: 10, na kichupa kimoja nikikitazama kwenye kivuli naona chini ya 10. Rangi ni nyeupe. Harufu hakuna. Limekauka kwa siku moja juu ya vichanja vilevile, kwa hiyo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuanika muhogo ambao seli zake bado nzima.

Mama mwenyekiti ameutia unga kiganjani, akaunusa, akaulamba. "Huu sasa tumpelekee." Nikamwambia kulamba si kipimo. Akasema anajua, analamba tu.

Agosti 9

Magunia 11 yanatukodolea macho. Kuyatupa ni kutupa jasho la msimu mzima.

Kuna njia nyingine ya Bradbury na wenzake, ya unga uliokwisha kusagwa, nayo imetumika vijiji vya Popokabaka huko Kongo kuzuia konzo. Nilikuwa nimeisoma tu. Leo tumeifanya jikoni kwa bibi.

Unatia unga mkavu kwenye bakuli, unausawazisha bila kuushindilia, unachora alama ya mkaa ndani ya bakuli pale unga unapoishia. Unamimina maji kidogo kidogo huku unachanganya. Mwanzo unga unashuka chini ya alama, mtu anadhani umepungua. Endelea. Unapanda tena taratibu, na ukifika kwenye alama unaacha kumimina. Haujawa uji, umekuwa kama mchanga wa ufukweni maji yanapotoka. Unautandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Halafu unasonga ugali siku hiyohiyo, maana ukilala unachacha.

Sababu ni ileile: kimeng'enya kimesalia ndani ya unga, kimelala kwa kukosa maji. Umemrudisha mshenga.

Nilikaa juu ya kigoda nikinusa mkeka. Mara moja tu, upepo ulipogeuka, nilihisi ukali mwembamba puani. Nikasogea nyuma. Tandaza nje, si ndani ya jiko lililofungwa.

Agosti 10

Unga wa vichanja, kabla: 100 na zaidi. Baada ya kulowanishwa na kukaa kivulini saa tano: kati ya 20 na 30. Si 10, lakini ni mbali na pale tulipokuwa, na maji yaliyotumika ni kibakuli kimoja ambacho kingetumika kusongea hata hivyo.

Bibi amekula ugali huo kwa kisamvu, tonge la kwanza kwa mashaka. Kisamvu chenyewe nacho kina linamarini, tena nyingi kuliko mzizi, ila hapa wanakitwanga kwanza kwenye kinu ndipo kinachemshwa kwa muda mrefu, kwa hiyo kuta zimevunjwa kabla ya moto kufika. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kumbe tulikuwa tunajua." Nikakubali.

Agosti 21

Tumeamua hivi: magunia 11 hayauzwi. Yamegawanywa kwa wanachama kwa matumizi ya nyumbani, kila mmoja kwa sharti la kuulowanisha unga kabla ya kupika, na wenye watoto wadogo wauchanganye na unga wa mahindi. Kila gunia tumelitia alama ya mkaa. Ni hasara, nami nimechangia sehemu yake kutoka posho yangu. Nimeandika ili ijulikane ushauri una bei.

Bati la pili limetobolewa. Wakwanguaji sita kwa zamu wanamaliza kilo 150 kwa siku, na vidole sasa vimefungwa vitambaa.

Septemba 5

Mnunuzi amepokea gunia la kwanza la unga wa kukwangua. Ameusifu weupe. Anataka kujua kama bei itakuwa ileile. Mama mwenyekiti amemjibu kwamba bei imepanda kwa sababu ya vidole. Wanavutana bado.

Nimepima fungu lililotoka kwenye mzizi wa shamba la mteremkoni, lililopata jua kali na mvua chache: 20, wakati mengine yote ni 10. Njia ileile, mikono ileile. Kwa fungu hilo tumeongeza saa za beseni kutoka tano hadi kulala usiku kucha, na limeshuka hadi 10, kwa uchachu kidogo ambao pua yangu inausikia na ya mnunuzi haijausikia.

Septemba 14

Korosho zimeanza kudondoka. Kuanzia kesho hakuna atakayemenya muhogo hadi msimu uishe, kwa hiyo vichanja vimebebeshwa korosho. Karatasi za kipimo zimebaki tisa, ziko kwenye friji ya duka la dawa, chupa yake imeandikwa jina la kikundi na maneno "si dawa". Mweka hazina ameshapima mara tatu bila mimi, pamoja na kile kichupa cha linamarini, na mara ya pili alikataa kutangaza matokeo hadi alipokiona kimesoma 50.

Bibi aliniomba ile karatasi ya kahawia ya Juni 19. Ameichomeka kwenye ufa wa mlango wa stoo, usawa wa macho.